Muda wa saa sita Songwe kabla ya ndege: dereva aliyenikatalia Ziwa Ngozi

Basi la Sumbawanga lilinishusha njia panda ya Uwanja wa Ndege wa Songwe saa tano kasorobo asubuhi. Ndege yangu ya Dar ilikuwa saa kumi na moja jioni. Wanaotoka Rukwa kwenda kupanda ndege Mbeya wanaijua hesabu hii: basi la alfajiri linakufikisha mapema mno, na la baadaye huwezi kuliamini, likipasua tairi tu tiketi yako imekwenda. Kwa hiyo unapanda la kwanza, halafu unakaa uwanjani na begi mapajani mpaka miguu inavimba. Nimekaa hivyo safari tatu. Mara ya nne, Julai hii, nilikodi teksi kwa saa tano, na hiyo huduma ndiyo ninayotaka kuieleza.

Mimi nauza maharage. Nimezoea kukagua mzigo kabla ya kutoa hela, na dereva nilimkagua hivyo hivyo. Alikuwa kijana wa miaka kama thelathini, ameegesha IST yake pale njia panda, gari safi, kioo cha mbele hakina ufa. Alinipa shikamoo, akanipokea begi, akauliza, "Mama, ndege yako saa ngapi?" Hakuanza na unakwenda wapi wala utatoa ngapi. Nilipomjibu akakaa kimya kidogo, anahesabu, kisha akaniambia saa tisa na nusu atakuwa amenirudisha uwanjani, na muda uliobaki hapo katikati ni wangu. Tulikubaliana shilingi 90,000, mafuta analipa yeye.

Mimi nilitaka Ziwa Ngozi. Nimelisikia tangu nasoma: ziwa lililotulia ndani ya kreta, juu kwenye milima ya Poroto, msitu umelizunguka pande zote. Nikamwambia naongeza 40,000, anipeleke Ngozi. Akakataa.

"Ngozi iko upande wa pili wa jiji, mama. Tukatize Mbalizi, Mafiati, Mwanjelwa, mpaka Uyole, halafu tushike barabara ya Tukuyu. Tukiacha gari kuna kupanda kwa miguu zaidi ya saa nzima, na kushuka. Ndege itakuacha. Siku ukilala Mbeya nitakupeleka. Leo hela yako ya Ngozi siitaki."

Anayeijua Mbeya ataelewa. Jiji limejipanga kando ya barabara kuu moja, malori ya Zambia na Kongo yanapita humo humo na daladala na bajaji, na kile kipande cha Nsalaga hadi Ifisi, kilomita 29 zinazojengwa njia nne, ndicho kinachokula muda wa kila mtu. Madereva wengi wangeipokea ile 40,000, foleni ingetushika Soweto, na mimi ningekuwa naangalia saa huku roho iko juu. Yeye aliikataa nikiwa nimeishika mkononi. Hapo nikajua nimempata mtu.

Tulikwenda upande ambao wengi wanaoshuka Songwe hawajui kama upo. Uwanja huu ulianza kutumika mwishoni mwa 2012, na wengi wetu tukishuka tunawaza mji tu, wakati uwanja wenyewe umekaa kwenye bonde lenye maji ya moto na mapango. Kutoka lami ni karibu nusu saa ya barabara ya vumbi. Njiani alinionyesha Kilima cha Panda, chenye niobi, madini ya kuimarisha chuma, akaniambia kwamba jina la Mbeya limetokana na neno la Kisafwa la chumvi. Yeye ni Msafwa, na alilitamka taratibu mara mbili ili nilishike: ibheya.

Majimoto nilikuwa nimeyawazia kama kisima. Siyo. Ni ukingo wa mto ambao ardhi yake imegeuka nyeupe na kahawia, inatoa mvuke, na maji yanachuruzika juu ya mawe yaliyojengeka ngazi ngazi. Kijana wa kijijini aliyetuongoza aliniambia nisisogeze mguu pale panapobubujika. Nilisogeza kiganja juu ya mvuke tu, nikakirudisha haraka. Nikauliza mawe yale yametoka wapi, na jibu alilonipa ndilo nililowapelekea wajukuu: maji yakipanda kutoka chini yanakuja na chokaa iliyoyeyuka ndani yake, yakifika juu hewa ya ukaa inatoka, chokaa inabaki, tabaka juu ya tabaka, kwa miaka isiyo na idadi. Ni kitu kile kile kinachoganda ndani ya birika la chai, ule ukoko mweupe tunaoukwangua kwa kisu. Huku umekuwa kilima. Mapango yamo ndani ya ukoko huo, na kiwanda cha saruji kilicho karibu kimekaa pale kwa sababu hiyo hiyo ya chokaa.

Kwenye Pango la Popo harufu inakupokea kabla ya giza. Ni kali, inachoma pua kama mkojo wa mbuzi uliolala zizini. Kijana akaelekeza tochi juu, kwa upande, asiwamulike usoni, nikawaona wamening'inia wamebanana kama mahindi ya mbegu tunavyoyatundika juu ya moshi jikoni. Halafu sauti: kelele nyembamba, nyingi, hazikatiki. Tulikaa dakika tano, nikatoka, nikarudi tena peke yangu na tochi. Sikutegemea kwamba nitarudi. Nilimpa yule kijana elfu tano, na nawaomba mkienda mmpe mtu wa kijijini chochote, kwa sababu bila yeye usingejua hata mlango wa pango uko wapi. Vaeni viatu vya kufunika mguu. Masika, dereva anasema, ile barabara ya vumbi inateleza na yeye hapeleki mteja mwenye ndege.

Saa sita na nusu aliniambia tuondoke. Nilitaka dakika kumi zaidi. Akasema, kwa adabu lakini bila kuyumba, "Mama, hizo kumi tutazitoa sokoni. Unachagua wewe." Nikapanda gari.

Kupanda kutoka bonde la Songwe hadi mjini unahisi baridi inaingia kidogo kidogo dirishani. Uwanja uko chini, mji uko juu, kwenye mita kama 1,700, na Julai hiyo tofauti inaonekana kwenye mavazi: kule nilikuwa natoka jasho, Mafiati watu wamevaa makoti. Wekeni sweta kwenye mkoba wa mkononi, msiliache ndani ya begi kubwa.

Mwanjelwa tulifika saa saba na nusu. Soko hili liliungua 2006 likajengwa upya, na juu yake unauona mlima Loleza na minara yake ya mawasiliano. Nilitaka mchele wa Kyela kwa ajili ya binti yangu anayeishi Dar, anayelalamika kwamba kila anaouziwa kwa jina la Kyela ukifika jikoni unanukia gunia. Hapa ujuzi ni wangu, sikumhitaji dereva. Unachukua konzi, unaifikicha kati ya viganja mpaka ipate joto, unaupumulia, halafu unanusa. Mchele wa Kyela wenye afya unatoa harufu yake hapo hapo, kama umeshaanza kupikwa. Uliochanganywa unatoa vumbi. Kisha unautandaza kiganjani kwenye mwanga uangalie punje: zikiwa za vimo viwili, kuna mkono uliopita humo. Nilikataa magunia mawili, la tatu likanipa harufu ninayoijua. Mama muuzaji aliponiona nafikicha akacheka, akasema, "Karibu, dada, wewe ni wa kazi hii," akanipunguzia bei bila kuombwa sana.

Na hapa dereva alifanya jambo ambalo sijawahi kufanyiwa na dereva yeyote. Kabla sijalipa, akaniuliza tiketi yangu inaruhusu kilo ngapi. Nikamwambia 23. Akarudi kwenye gari, akalibeba begi langu begani, akalileta kwenye mizani ya mwenye mahindi jirani, likasoma 14. "Chukua nane, mama. Tisa utagombana nao." Nikachukua nane. Uwanjani, mezani kwao, mizani ilisoma 22 na kidogo. Waliokuwa mbele yangu kwenye foleni walikuwa wamepiga magoti sakafuni, wanahamisha viazi kutoka begi moja kwenda lingine.

Chakula ndiko tulikoharibikiwa. Mgahawa alioupendekeza, jina naliacha, ulituahidi ndizi nyama kwa dakika kumi na tano. Dakika arobaini zilipita. Dereva aliingia jikoni mara mbili, mara ya pili akatoka na taarifa kwamba ndizi ndiyo kwanza zinamenywa. Tukaishia kula wali na maharage wima kwa haraka, na yale maharage, naomba mniamini katika hili, yalikuwa ya msimu uliopita, magumu katikati. Kosa hili nampa dereva sehemu yake. Mtu anayehesabu muda vizuri kiasi kile alipaswa kupiga simu tukiwa bado mapangoni, chakula kiwekwe. Nilimwambia, akakubali, akasema ataanza kufanya hivyo. Nyinyi mkimpata, mwambieni apige simu mapema, au mnunue mahindi ya kuchoma na parachichi za Rungwe sokoni mmalize habari.

Kosa la pili ni kubwa zaidi na sitalifunika: mkanda wa kiti cha nyuma upande wa kushoto haufungi. Nilihamia mbele. Barabara ya malori kama ile, mkanda si pambo. Aliahidi kuutengeneza, anayekwenda aukague kabla ya kupanda.

Njiani kurudi niliomba kitu kimoja ambacho hakikuwa kwenye mpango, dakika kumi kwenye stesheni ya TAZARA. Marehemu baba yangu alikuwa kibarua kwenye ujenzi wa reli ile, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 kwa msaada wa China. Yeye alikuwa kipande cha Mlimba hadi Makambako, kile cha mahandaki na madaraja marefu, kilichowatesa kuliko vyote. Alirudi nyumbani na maneno machache ya Kichina na kovu kwenye kifundo cha mkono. Stesheni ya Mbeya sikuwahi kuingia, nimekuwa naipita tu kwenye basi kwa miaka. Ni jengo kubwa, refu, limejengwa kwa ajili ya watu wengi kuliko waliokuwepo siku ile. Niliomba ruhusa kwa mlinzi, nikaenda mpaka jukwaani, nikainama nikashika chuma cha reli. Kilikuwa cha baridi na laini juu, pale magurudumu yanapopita, na pembeni kina kutu. Dereva alibaki nyuma, hakunisemesha. Nilipogeuka nikakuta amevua kofia.

Dakika kumi zile zikawa kumi na tano. Alinifikisha uwanjani saa tisa na dakika arobaini badala ya saa tisa na nusu, na akaniomba radhi kwa kuchelewa ambako nilikusababisha mimi.

Usalama, kwa sababu najua akina mama wenzangu wataliuliza kwanza: mwanzoni kabisa, kabla hatujaondoka njia panda, ni yeye aliyeniambia nipige picha namba ya gari na leseni yake nimtumie mwanangu. Begi lilikaa kwenye buti siku nzima, buti imefungwa, na kila tuliposhuka aliegesha mahali ninapoliona gari. Jina lake aliniomba nisiliandike, hataki simu za usiku. Anapatikana njia panda ya uwanja, upande wa mabasi yatokayo Tunduma. Ulizeni kijana Msafwa anayeuliza kwanza saa ya ndege.

Mkitokea Tunduma na muda wenu ni mrefu kuliko wangu, Kimondo cha Mbozi mmeshakipita njiani, kiko kijiji cha Ndolezi: tani zaidi ya kumi za chuma na nikeli zilizoanguka kutoka angani. Nilimuuliza kama tungeweza kukirudia. Akatazama saa, akatikisa kichwa kabla sijamaliza swali.

Desemba nakwenda tena Dar. Nimeshampigia: nafika Mbeya siku moja kabla, nalala, na saa kumi na mbili asubuhi ananichukua twende Ngozi. Aliniuliza magoti yangu yakoje.