TAHADHARI: Wanaopima mbegu za kiume kwa kiganja, River Road

Ndugu zangu mnaotafuta mtoto, kuna chumba ghorofani pale River Road, Nairobi, kinachojiita kliniki. Mdogo wangu ameliwa shilingi 18,000 pale. Alipewa kijiti cha chuma akishike, waya ukaingia kwenye kompyuta, mara karatasi ikatoka: mbegu zake ni dhaifu, ini limechoka, figo zina sumu. Akauziwa chupa tatu za unga na kuahidiwa kwamba mkewe atashika mimba ndani ya siku 14.

Hakuna chuma kinachohesabu mbegu kupitia kiganja. Hakuna! Kinachopimwa ni shahawa yenyewe, kwa hadubini, maabara. Unakaa siku 2 hadi 7 bila kutoa shahawa, kisha unaitoa kwenye kikopo safi na kuifikisha ndani ya saa moja. Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani vya 2021, kiwango cha chini ni mbegu milioni 16 kwa mililita, zinazotembea asilimia 42, na zenye umbo la kawaida asilimia 4.

Hiyo 4 ishikeni sana, maana matapeli hutishia watu kwayo. Mtu akiambiwa mbegu zake nyingi zina kasoro ya kichwa au mkia, moyo unamwisha, na hapo atalipa chochote. Kumbe hata wanaume wenye watoto mbegu zao nyingi ziko hivyo. Na ukiwa chini ya viwango hivyo, si kwamba umekuwa tasa. Kipimo hurudiwa, kwa sababu hata homa kali ya majuzi huweza kuyashusha majibu.

Tena siku 14 zinatoka wapi? Mbegu huchukua takriban siku 74 kuundwa. Ndiyo maana daktari wa kweli hupima tena baada ya miezi mitatu hivi. Halafu chanzo hakifanani: mishipa iliyovimba kwenye korodani, mirija iliyoziba, homoni, matumbwitumbwi ya ukubwani. Unga gani unaozibua mrija?

Kilichonikasirisha zaidi ni kwamba walimwita arudi achomwe sindano ya testosteroni, yaani homoni ya kiume, "aongeze mbegu". Testosteroni ya kuchomwa huzima utengenezaji wa mbegu. Mtu anayetafuta mtoto anaweza kubaki bila hata moja! Nilimkataza kabisa.

Ukitaka kupimwa, nenda hospitali yenye kliniki ya yurolojia (magonjwa ya njia ya mkojo na viungo vya uzazi vya kiume), kama Kenyatta, na mkeo apimwe pia. Daktari yeyote mwulize usajili wake wa KMPDC, baraza linalosajili madaktari Kenya, naye asikasirike.

Hawa watu hupokea pesa kwa namba ya simu ya mtu binafsi na hawatoi risiti. Kama umeshalipa, acha kunywa ule unga, hifadhi ujumbe wa M-Pesa, karatasi yao na chupa, uripoti polisi na kwa Bodi ya Famasia na Sumu.