Nikkor 28mm f/2.8 AI-S mtaani: fokasi unaimaliza kabla mtu hajafika

Ndugu watazamaji, karibuni. Leo mkononi nina Nikkor 28mm f/2.8 AI-S, lenzi ya Nikon iliyotoka mwaka 1981. Haina mota, haina zumu. Ukitaka fokasi, yaani picha itoke safi pale unapotaka, unazungusha pete mwenyewe. Na kwa picha za mtaani hii ndiyo ninayotoka nayo mara nyingi kuliko zote, ingawa lenzi ya otofokasi, inayojiwekea fokasi yenyewe, ninayo, tena nzuri.

Sogeeni muone kwa nini. Hapa kwenye pete kuna namba za umbali, za mita na za futi. Hapa chini kuna vistari vya rangi, viwili viwili, kila kimoja upande wake wa alama ya katikati, na rangi zake zinafuata rangi za namba za apacha, yaani tundu la kupitishia mwanga. Vinakuonyesha eneo litakalotoka safi, kuanzia wapi mpaka wapi. Naweka apacha f/8, nazungusha pete mpaka mita 2 ikae katikati. Hapo kuanzia kama mita 1 na robo mpaka mita 5, kila kitu kinaonekana vizuri. Mtu akiingia ndani ya eneo hilo, kazi ya fokasi ilishakwisha zamani. Nanyanyua kamera, nabonyeza, basi.

Mtaniuliza, kwa nini si 50mm, lenzi inayoona eneo jembamba zaidi? Haya, chukua 50mm, apacha ileile, mita 2 zilezile: unapata kama mita 1.7 mpaka 2.5. Hizo ni sentimita 80, mtu anayetembea anazimaliza kwa hatua moja. 35mm inakupa kama 1.4 mpaka 3.3, na kwa anayeanza, ambaye bado anaona haya kusogelea watu, ningemshauri aanze na hiyo. Maana 28 inakudai usogee. Mita 2 mtu anakuona, anakuona kabisa, kwa hiyo msalimie. Ukijificha na lenzi hii utarudi na picha za barabara tupu zenye watu wadogo kama sisimizi.

Hesabu hizo ni za kamera yenye sensa kubwa, yaani kile kipande kinachopokea picha, ile yenye ukubwa wa filamu ya 35mm. Kwenye sensa ndogo ya APS-C ya Nikon lenzi hii inaona kama 42mm, na eneo lile linapungua. Tena vistari hivi vilipimwa enzi za filamu. Kwenye sensa ya megapikseli nyingi, ukiikuza picha, pembezoni mwa eneo utaona ukungu kidogo. Mimi huhesabu kana kwamba nimefungua apacha hatua moja zaidi, yaani nachukulia eneo ni dogo kuliko vistari vinavyosema.

Mchana wa jua: f/8, shata 1/500 ya sekunde, ISO, yaani wepesi wa sensa kwa mwanga, naiachia kamera. Jioni ndipo mambo yanapokuwa magumu. Mwanga ni mdogo, na ukifungua apacha mpaka f/2.8, zile mita 2 zinabaki na eneo la kama 1.65 mpaka 2.55, na jicho langu halikadirii sawasawa kila mara. Usiku, kwa kweli, otofokasi inashinda.

Kitu kimoja nimekiongeza. Nimebandika tone la gundi ngumu kwenye pete, mahali ambapo kidole gumba kinafika pete ikiwa kwenye mita 2. Sasa najua fokasi iko wapi bila kutazama, kamera ikiwa bado kifuani.

Na sikilizeni hili la adapta, maana liliniumiza. Nilitumia adapta moja, kile kiungo cha kufungia lenzi kwenye kamera ya aina nyingine, kwenye kamera isiyo na kioo cha ndani, picha za wiki nzima zikatoka na nyuso zenye ukungu na kuta za nyuma safi kabisa. Nikachukua futikamba: pete inasema mita 2, fokasi iko mita 2.6. Adapta ilikuwa fupi kwa kama sehemu moja ya kumi ya milimita! Kwa otofokasi usingejua. Kwa anayefuata namba za pete, lenzi nzima inakuwa mwongo. Kwa hiyo kabla ya kutoka, bandika gazeti ukutani, pima mita 2, piga f/2.8, kuza uone.

Mengine kwa haraka. Uzito gramu 250, filta za milimita 52. Inafokasi kwa karibu mpaka sentimita 20. Usiweke kichwa cha mtu kwenye kona ya picha, kitavutika.

Ukiikuta ya mkono wa pili, zungusha pete mwanzo mpaka mwisho. Iwe laini na isiwe na mahali panapokwama. Weka f/16, sukuma kile kijiti cha nyuma na ukiachie. Bamba za apacha zirudi hapohapo. Zikirudi kwa kujivuta, zina mafuta, iache.