Kanada: Express Entry ya kawaida au uteuzi wa jimbo?

Ukiwa na shahada, Kiingereza kizuri na umri chini ya miaka 30, anza na Express Entry, mfumo wa Kanada wa kuchagua wahamiaji wenye ujuzi kwa alama. Mfanyakazi stadi aliye nje ya Kanada anahitaji alama 67 kati ya 100, lugha ya kiwango cha CLB 7 (kipimo cha Kanada cha ujuzi wa lugha) katika kusoma, kuandika, kusikiliza na kuzungumza, na mwaka mmoja mfululizo wa kazi ya ujuzi ndani ya miaka 10 iliyopita. Hizo 67 zinakuingiza kwenye foleni tu. Mwaliko wa kuomba ukaazi wa kudumu huamuliwa na alama za CRS, yaani alama za kuwapanga walio kwenye foleni, na za umri huanza kushuka ukifika 30; ukifika 45 zimekwisha.

Hapo ndipo uteuzi wa jimbo, yaani jimbo la Kanada kukuchagua uhamie kwake, unapookoa: ukipitia Express Entry huongeza alama 600, na mwaliko unakuwa karibu hakika. Ila jimbo linatarajia ukaishi kwao kweli, na njia nyingi hudai ofa ya kazi. Uteuzi usiopitia Express Entry huchukua muda mrefu zaidi.

Kote kuwili, wengi hukwamishwa na karatasi. Mtihani wa Kiingereza wa IELTS Academic haukubaliki. Fanya General Training. Barua ya mwajiri itaje majukumu, saa za kazi kwa wiki na mshahara. Ukialikwa kupitia Express Entry una siku 60 tu za kuwasilisha maombi, kwa hiyo cheti cha polisi kishughulikie mapema.

Wenye Kifaransa, hasa wa Kongo na Burundi, wafanye mtihani wa Kifaransa wa TEF Canada au TCF Canada kabla ya kuhangaikia jimbo lolote: kuna mialiko yao maalumu.