Wiki sita na kifaru T-34/85 cha skeli ya 1/35, uzoefu wangu

Ni modeli ya plastiki ya kuunganisha mwenyewe, kila kipimo kimegawanywa kwa 35. Nimekimaliza juzi usiku na mpaka sasa nikipita mezani lazima nisimame nikiangalie, kwa hiyo acha niandike mapema maana kuna mambo ya hili boksi natamani mtu angeniambia kabla sijaanza. Ni T-34/85, kile kifaru cha Wasovieti kilichoingia vitani 1944 na mzinga wa milimita 85. Cha kweli kina mita 8 na kitu ukihesabu na mzinga, kwenye 1/35 kinashuka mpaka kama sentimita 23.

Plastiki yenyewe ni nzuri. Bodi ya chini inaungana karibu bila kulazimisha, mishono ya kuchomelea inaonekana, sina neno. Shida ni tareti, kile kichwa cha juu kinachobeba mzinga. Tareti ya T-34/85 ilimiminwa kwenye kalibu, chuma cha wakati wa vita, watu wana haraka, ukiangalia picha za karibu uso wake unakwaruza kabisa una mabonde na makovu, sasa hii ya kwenye boksi imekuja laini kama kikombe. Nikachukua ile gundi nyembamba ya maji maji, nikapaka eneo dogo kama ukucha wa kidole gumba, nikasubiri plastiki ianze kulainika, halafu nikaidonoadonoa na brashi nzee niliyoikata nywele zikabaki fupi ngumu. Eneo moja, unahamia jingine, usipake yote kwa mpigo itakukaukia. Kesho yake msasa laini juu juu tu. Aisee, ilipopigwa praima (rangi ya msingi) ya kijivu nilipiga kelele peke yangu, ilikuwa chuma ile.

Minyororo sasa, ile inayozunguka magurudumu kifaru kikitembea. Humu ndani wameweka pingili moja moja, 72 kila upande, moja ina jino inayofuata haina, zinapokezana hivyo mpaka mwisho, na kila pingili lazima uikate kwenye fremu uisafishe. Mimi ilinila jioni nne. Wengi hapa ndo wanakata tamaa wanatafuta ile minyororo ya mpira, na nawaelewa, ila kwa kifaru hiki nakuomba vumilia, kwa sababu T-34 haina vile vigurudumu vidogo vya kubeba mnyororo kwa juu, mnyororo unalala wenyewe juu ya yale magurudumu matano makubwa, unabonyea katikati ya gurudumu na gurudumu kwa uzito wake. Mpira haubonyei, unakaa umevutika kama mkanda wa cherehani na jicho linajua kuna kitu hakipo sawa hata kama mtu hajui vifaru. Niliunga pingili kwa gundi ya taratibu, baada ya saa moja hivi mnyororo bado unapinda nikauzungushia, nikabana na vipande vya sponji juu mpaka asubuhi. Nilipotoa sponji ulikuwa umelala vile vile.

Vile vishikio vya pembeni walivyokuwa wanashika askari wa miguu wakipanda juu ya kifaru vilivunjika viwili wakati wa kuvikata, nikatengeneza vyote upya na waya wa shaba wa nusu milimita. Afadhali hata.

Rangi ni 4BO, ile kijani ya jeshi la Wasovieti. Niliongeza njano kidogo kwa sababu kitu kidogo rangi yake huonekana nyeusi zaidi kuliko kitu kikubwa, ukipaka kijani kile kile cha kifaru halisi unapata kidude cheusi. Mstari mweupe wa kuzunguka tareti na msalaba wa juu, ile alama ya Berlin 1945 ya kuwajulisha marubani wa upande wao, seti imekupa stika ya maji lakini mimi nilipaka kwa mkono, maana kwenye picha za vifaru vya kweli mistari yenyewe haijanyooka na kingo zinatofautiana unene.

Na sasa hili ndilo lililoniuma. Rangi ya kuchafulia, ile ya kahawia unaizimua na thina ikaingie kwenye kona, niliipiga na chini ya bodi pia, na kule chini sikuwa nimepaka vanishi, sehemu nyingine plastiki ilikuwa tupu kabisa. Thina ikakusanyika kwenye mizizi ya mikono inayoshika magurudumu, na mikono hiyo ilikuwa tayari imebanwa na mnyororo. Nikasikia ti! Nikadhani nimegonga kitu. Dakika kumi baadaye ti! nyingine, kugeuza naona mkono wa pili kushoto umepasuka na gurudumu limelegea. Wiki tano za kazi, jamani, niliondoka pale mezani sikurudi siku mbili. Maelekezo ya kwenye boksi hayasemi neno hata moja kuhusu hili na yangetakiwa kusema. Vanishi kwanza, iache ikauke siku nzima, na kule chini pia hata kama hakuonekani, thina chovya kidogo tu na ikituama ifyonze na brashi kavu.

Nilitoboa tundu dogo kwenye mkono uliopasuka nikapitisha kipande cha ule ule waya wa shaba, supagluu, gurudumu likasimama. Halafu unga wa rangi ya udongo ukapita juu ya magurudumu na chini ya mabawa (yale mabamba ya juu ya minyororo), mwingi kidogo upande ule wa kushoto.

Ningenunua tena, na tayari nimeshaagiza jingine. Hiki bado antena tu, natafuta waya mwembamba zaidi ya nilionao.