Starburst99 au BPASS, ipi inafaa kusoma mwanga wa mawingu yanayozaa nyota?

Huu ubishi hauishi. Zote mbili ni programu za kompyuta za kukadiria mwanga wa kundi zima la nyota. Starburst99 ni ya 1999, kwa wepesi haina mpinzani, unajaza vigezo unapata spektra (mgawanyo wa mwanga kwa rangi), ila hesabu zake zinachukulia kila nyota inaishi peke yake. Kwa wingu changa lenye metali nyingi (yaani elementi nzito kuliko heliamu) inatosha kabisa.

Shida ni kwamba mtafiti Hugues Sana na wenzake walionyesha 2012 kuwa zaidi ya 70% ya nyota kubwa zenye joto kali, za aina ya O, zitabadilishana gesi na mwenza, na hapo ndo BPASS, inayohesabu pia nyota pacha (mbili zinazozungukana), inapong'ara: nyota iliyovuliwa gesi inabaki kiini cha moto mkali, iliyopokea inarudi ujanani, kwa hiyo fotoni zinazoionisha haidrojeni (zinazoing'oa elektroni) zinaendelea kutoka hata baada ya miaka milioni 10, wakati za nyota pweke zishapungua sana. Mi naona hili ni zito mno, maana ukilipuuza utaliona wingu changa kuliko lilivyo.

BPASS ina majedwali mengi ya kushusha, na dhana zake za nyota pacha bado zinabishaniwa. Galaksi za mbali zenye metali kidogo, anza nayo, ila mistari ya heliamu iliyoionishwa mara mbili hata yenyewe haiielezi yote.