Letterboxd msimu wa tuzo: daftari zuri, mizani isiyofaa

Tamasha la Venice huanza mwishoni mwa Agosti na tuzo za Oscar hutolewa Machi. Katikati hapo zinapita filamu nyingi kuliko kichwa kinavyoweza kushika: ipi umeiona, ipi unaisubiri, ipi uliisifu Oktoba na ikifika Januari hukumbuki kwa nini. Letterboxd, tovuti na programu ya simu ya kurekodi filamu unazotazama, iliyoanzishwa mwaka 2011 huko Auckland, New Zealand, na Matthew Buchanan na Karl von Randow, ndiyo huduma inayoifanya kazi hiyo vizuri zaidi. Tatizo ni kwamba wengi huigeuza mizani ya kupimia nani atashinda, nayo haikuundwa kwa ajili hiyo.

Tuanze na daftari lenyewe. Ukibonyeza alama ya jicho kwenye ukurasa wa filamu, umesema tu kwamba umewahi kuiona. Hakuna tarehe inayowekwa, na filamu haiingii kwenye shajara. Wageni hukosea hapahapa: wanabonyeza jicho miezi mitatu, kisha wanafungua shajara na kuikuta tupu. Ili filamu iandikwe humo, lazima uirekodi: thibitisha tarehe uliyoitazama, na kama uliwahi kuiona kabla, weka tiki ya kuonyesha hivyo. Nyota zinakwenda kwa nusunusu, kuanzia nusu hadi tano, yaani ngazi kumi. Sifuri haipo, usipoweka nyota, filamu inabaki bila alama na wastani hauguswi. Alama ya moyo nayo inajitegemea. Itumie hivyo, maana kuna filamu ya nyota tatu unayoipenda kwa dhati, na kuna ya nyota nne na nusu usiyotaka kuirudia.

Aliyekuwa akiweka kumbukumbu kwingine anaweza kuzihamishia humu kwa faili la CSV, yaani jedwali la maandishi ambalo safu zake hutenganishwa kwa koma. Vichwa vya safu wima lazima viandikwe kama vinavyotambuliwa: Title, Year, WatchedDate, Rewatch, Tags, Review, kisha Rating kwa nyota au Rating10 kama ulikuwa ukitoa alama juu ya kumi. Tarehe ianze na mwaka, kwa mfano 2025-03-02. Hifadhi faili kwa mfumo wa herufi wa UTF-8, la sivyo herufi kama é zitavurugika na jina lisitambulike. Maoni yenye koma yafungwe kwa alama za kunukuu, vinginevyo sentensi itakatwa na kipande chake kurukia safu ya pili. Na usiache Year kamwe: majina ya filamu yanarudiwa mno, utajikuta umerekodi filamu nyingine kabisa. Ukiwa na imdbID au tmdbID, yaani namba ya filamu kwenye hifadhidata za IMDb au TMDB, iweke, inamaliza ubishi.

Mwaka ni mtego wa namna nyingine pia. Letterboxd hufuata mwaka ambao filamu ilionyeshwa kwa mara ya kwanza, hata ikiwa ni tamashani tu. The Hurt Locker ilionyeshwa Venice Septemba 2008, lakini ilishinda Oscar ya Filamu Bora Machi 2010, ikishindana na filamu za 2009. Anayechuja kwa mwaka 2009 atamkosa mshindi mwenyewe. Dawa ni kutotegemea kichujio: tengeneza orodha yako ya msimu na uongeze filamu kadiri zinavyoteuliwa. Orodha itakuonyesha asilimia uliyokwisha kutazama, na unaweza kuzififisha ulizoziona ili zilizobaki zijitokeze. Hapa huduma hii inang'ara kwelikweli.

Kwa kipengele cha Filamu Bora, iwekee orodha namba na upange wateule wote kumi kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Ndivyo wapiga kura wa Academy, chama kinachotoa Oscar, wanavyofanya. Filamu yenye nafasi za kwanza chache zaidi huondolewa, kura zake zinahamia kwa chaguo linalofuata, na hesabu inarudiwa mpaka moja ivuke nusu. Kwa hiyo filamu inayowekwa ya pili au ya tatu na wengi inaweza kuipiku ile inayopendwa mno na wachache. Marafiki sita wakipanga orodha zao hivyo na kuhesabu kwa utaratibu huo, watajifunza zaidi kuliko kwa kutazama wastani wa nyota.

Wastani huo unasema waliotazama wamependa nini, basi. Mwezi Septemba waliotazama ni watu wa matamasha. Filamu ikifika kwa umma, namba mara nyingi hushuka. Parasite ilipanda hadi kileleni mwa filamu zenye alama za juu humo na Februari 2020 ikashinda Filamu Bora, wengi wakaamini wamepata dira. Kisha Emilia Pérez ikateuliwa mara 13 kwa Oscar za 2025 na kutwaa mbili, huku wastani wake Letterboxd ukiwa chini ya nyota tatu. Badala ya namba moja, soma ile chati ya mihimili kumi iliyo kando yake. Mlima mmoja wa katikati ni filamu isiyomkera mtu. Mihimili mirefu pande zote mbili ni filamu inayogawanya watu, na kwa kura ya kupanga huo ni udhaifu mkubwa.

Taarifa za filamu zinatoka TMDB, kwa hiyo ukiona jina la mwigizaji limekosewa, nenda ukalirekebishe huko. Tamthilia za misimu mingi hazina nafasi, ingawa nyingi za msimu mmoja zimo. Anayefuatilia Emmy, tuzo za televisheni, atafute daftari jingine. Ukiandika maoni yanayofichua mwisho, weka tiki ya tahadhari. Ni heshima ndogo inayosahaulika sana msimu huu.

Akaunti ya bure ina kila kitu kilichotajwa hapa, pamoja na kupakua data yako yote kwa CSV, jambo linalofaa kufanywa kila mwisho wa msimu. Daraja la Pro linaondoa matangazo, linaongeza takwimu za mwaka na kichujio cha huduma za video unazolipia. Kichujio hicho pekee kinahalalisha malipo kwa mwenye orodha ndefu ya kungojea. Daraja la juu zaidi, Patron, linaongeza zaidi mapambo, kama kuchagua mabango. Anayetazama filamu moja kwa wiki abaki na ya bure.