Maikrowevu Inayopasha Vizuri na Kulia Kupita Kiasi: Uzoefu Wangu

Maikrowevu hii nimeitumia kwa muda wa kutosha kuzijua tabia zake, na ni haki nianze na mema yake. Inapasha chakula kwa usawa, sahani yake ya kioo huzunguka bila kukwama, ndani husafishika kwa kitambaa chenye maji tu, na mlango wake hufunga sawasawa. Laiti tathmini hii ingehusu upashaji peke yake, ningeipa alama zote na kuishia hapa. Lakini chombo cha jikoni hutumika pia kwa masikio, ya anayekitumia na ya kila aliye chini ya dari moja naye, na hapo ndipo inaponishinda. Kampuni iliyoitengeneza sitaitaja, kwa kuwa kasoro nitakayoieleza nimeikuta katika vyombo vya watengenezaji wengi, na kumbebesha mmoja lawama ya wote si uungwana.

Kila kitufe kikibonyezwa, maikrowevu inalia. Ukitaka kupasha chakula kwa dakika mbili na nusu, utabonyeza kitufe cha nguvu ya moto, kisha 2, kisha 3, kisha 0, kisha kitufe cha kuanzia, na kila mguso una mlio wake, mkali na wa kimo kilekile, ingawa kioo cha tarakimu kilichopo mbele ya macho yako kimeshaonyesha kwamba amri imepokelewa. Muda unapotimia, inapiga milio mitano mirefu. Usipofungua mlango, baada ya kitambo inakumbusha, kisha inakumbusha tena, na haichoki mpaka mlango ufunguliwe. La kuudhi kuliko yote ni kwamba ukiuwahi mlango katikati ya ile milio mitano, hainyamazi, bali inamalizia hesabu yake. Unasimama na sahani mkononi, mvuke unakupanda usoni, na mashine bado inakutangazia kuwa chakula kiko tayari.

Ukali wa mlio huo una sababu ya kiufundi. Ndani ya vyombo vingi vya aina hii hamna spika ya kweli, bali kuna kisahani chembamba cha metali kilichobandikwa kauri maalumu ambayo hujikunja inapopitishiwa umeme. Tabia ya baadhi ya fuwele kutoa umeme zinapobanwa iligunduliwa na ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, mwaka 1880, na kinachofanyika humu jikoni ni kinyume chake: umeme unaitikisa kauri, kauri inakitikisa kisahani, na kisahani kinatikisa hewa. Kifaa hicho ni cha bei ya chini, hakili umeme mwingi na hudumu miaka, kwa hiyo watengenezaji wanakipenda. Ila kina masafa yake ya asili, yaani idadi ya mitikisiko kwa sekunde (Hz), kwa kawaida kati ya Hz 2,000 na Hz 4,000, ambamo hulia kwa nguvu zaidi, na masafa hayo yanaangukia karibu kabisa na mahali ambapo sikio la binadamu ni jepesi kuliko pengine popote. Hivyo umeme kidogo tu unatoa mlio unaopenya milango miwili. Zaidi ya hayo, sakiti inayokiendesha mara nyingi inajua mambo mawili tu, kulia na kutolia, na hali ya kulia kwa sauti ya chini haikuwekwa.

Upo upungufu mwingine unaotokana na aina hiyo ya mlio, nao ni ugumu wa kujua unatoka wapi. Kwa sauti nzito, ubongo hupima tofauti ndogo ya wakati kati ya sikio moja na jingine. Kwa sauti nyembamba hupima tofauti ya nguvu. Na katika masafa ya katikati, jirani kabisa na pale milio hii ilipo, njia zote mbili hulegea. Mlio ukiwa mfupi na wa noti moja tupu, kazi huwa ngumu zaidi. Jikoni kwangu friji, jiko la induksheni (lile la umeme linalopasha sufuria kwa nguvu ya sumaku) na maikrowevu vyote vinasema kwa lafudhi moja, na kinapolia kimoja, mtu aliye chumba cha pili hutoka akivikagua kimoja baada ya kingine kama mwalimu anayetafuta aliyepiga mluzi darasani. Ishara isiyomtambulisha mtoaji wake imefanya nusu ya kazi.

Kinaya ni kwamba mlio huu unaowaudhi wengi humkosa anayeuhitaji zaidi. Uzeeni usikivu huanza kupungua kwa sauti nyembamba kabla ya nzito. Baba yangu, ambaye mazungumzo ya kawaida anayasikia bila shida, mara nyingi hausikii mlio wa maikrowevu akiwa sebuleni, na chakula chake hupoa humo humo ndani, huku mtoto aliyelazwa chumba cha mbali zaidi ameshaamka. Jambo hili wataalamu wanalijua siku nyingi. Japani ilitoa mwaka 2002 mwongozo wa viwango kuhusu milio ya vifaa vya nyumbani kwa kuwazingatia wazee na watu wenye ulemavu, na Shirika la Kimataifa la Viwango likatoa kiwango chake, ISO 24500, mwaka 2010. Elimu ya kutengeneza mlio wa kiungwana ipo. Katika chombo nilichonunua mimi, haionekani kama kuna aliyeitafuta.

Nilifanya kama afanyavyo mnunuzi yeyote, nikafungua mwongozo wa matumizi. Kurasa kadhaa ni za maonyo, kurasa nyingine ni za majedwali ya muda wa kupasha, na neno kuhusu kuzima sauti halimo. Katika maikrowevu nyingine mlio huzimwa kwa kukishikilia kitufe cha kusimamisha, au mojawapo ya tarakimu, kwa sekunde chache mpaka kioo kibadilike. Nikavijaribu vitufe vyote kimoja kimoja, na jibu la mashine likawa ni mlio. Kisha nikawaandikia huduma kwa wateja. Walijibu upesi na kwa adabu, na hilo nawapongeza, lakini jibu lenyewe lilikuwa kwamba sauti haizimiki kwa sababu imewekwa kwa ajili ya usalama wa mtumiaji.

Hoja hiyo siikubali. Maikrowevu ni miongoni mwa vyombo vya kupashia ambavyo mtu akivisahau havina madhara: muda ukiisha, hujizima yenyewe, na mlango ukifunguliwa kabla ya wakati, swichi zilizomo kwenye komeo hukata nguvu papo hapo. Pasi iliyosahaulika inaunguza nguo, na sufuria kwenye moto inaungua. Sahani iliyosahaulika ndani ya maikrowevu inapoa tu. Anayetaka kuniita kila dakika kwa ajili ya chakula kinachopoa aniite akipenda, lakini asiuite wito huo usalama.

Nilichoweza kufanya ni kubandika utepe mnene juu ya tundu dogo ambamo mlio hutokea, lililo upande wa chini wa paneli, na ukali ukapungua kiasi cha kuvumilika ingawa haukwisha. Wapo wanaoshauri kufungua kasha na kuking'oa kifaa chenyewe cha mlio. Katika vyombo vingine hilo linaweza kuwa jambo dogo; katika maikrowevu ni hatari ya kifo, kwa kuwa kapasita yake, yaani kifaa kinachohifadhi chaji ya umeme, hufanya kazi kwa maelfu ya volti na inaweza kubaki na chaji hata baada ya plagi kuchomolewa. Kazi hiyo aachiwe fundi aliyeisomea, na ukijumlisha ujira wake utaona ni afadhali uvumilie.

Ninailaumu kwa ujasiri kwa sababu nyumba hiihii ina mashine ya kufulia inayoonyesha kwamba jambo hili halina ugumu wowote. Ukivishikilia vitufe vyake viwili kwa pamoja, inanyamaza. Umeme ukikatika na kurudi, inakumbuka kwamba uliinyamazisha, fadhila ambayo vyombo vingi havina. Ukiiachia sauti, humaliza kazi kwa kijiwimbo kifupi inachokipiga mara moja tu. Huu mtindo wa vijiwimbo umeenea, na mashine za Samsung zinajulikana kwa kumalizia na kipande cha mtunzi wa muziki Franz Schubert. Wako wanaouona ni mzaha, lakini mimi nauona ni bora kuliko mlio wa noti moja, kwa kuwa wimbo unajitambulisha: ukiusikia, hata ukiwa uani, unajua ni nguo.

Kiyoyozi nacho nilikilaumu kwanza, nikalegeza kamba. Kila ukipunguza nyuzi moja kwa rimoti, chenyewe hulia, na ukiwa unashuka kutoka nyuzi 27 hadi 23 usiku, aliyelala atasikia kila ngazi. Lakini rimoti za kawaida hutuma amri kwa mwanga usioonekana na hazipokei jibu. Kioo cha rimoti kinaweza kusomeka 23 ilhali kiyoyozi hakikupata habari. Mlio ule ndio stakabadhi pekee, na kwa hiyo una kazi ya kweli, ingawa taa ndogo ingeweza kuifanya usiku bila kumwamsha mtu. Jiko la induksheni linapolia kwa sababu maji yamemwagikia paneli yake ya kugusa na kuichanganya, lina haki. Friji inayolia mlango umeachwa wazi ina haki maradufu. UPS ya kompyuta, ile betri inayoishikilia umeme ukikatika, inayopiga kelele kunitaarifu kwamba umeme umekatika, nami nimekaa gizani, hiyo sijui niiambie nini. Angalau yangu ina kitufe cha kuinyamazisha.

Kipo kifaa kimoja ambacho sikidai kinyamaze kamwe, nacho ni kitambua-moshi. Hicho hutakiwa kutoa sauti ya takribani desibeli 85 kwa umbali wa mita 3, mara nyingi kwa mapigo matatu na kituo, matatu na kituo, na kazi yake ni kumtoa mtu usingizini. Hata chenyewe lakini kina kero inayojulikana: betri ikidhoofika, hutoa mlio mfupi kila baada ya muda mchache, na mara nyingi huanza usiku wa manane, kwa kuwa ubaridi wa usiku huishusha nguvu ya betri iliyokwisha kuchoka. Matokeo yake ni watu kuing'oa betri na kulala, wakabaki bila ulinzi. Hospitalini tatizo hilohilo limechunguzwa sana: wauguzi wanaozungukwa na ving'ora kutwa nzima hufika mahali ambapo hawashtuki tena, na kile cha maana kinapotea katikati ya visivyo na maana. Maikrowevu inayopiga kelele kwa ajili ya maziwa yaliyopata moto inachangia, kwa kiwango chake kidogo, kuzoesha masikio kupuuza.

Nisieleweke kwamba nataka vyombo mabubu. Paneli laini ya kugusa haina kitu cha kupapasa, na mtu asiyeona, au mwenye uoni hafifu, hana njia nyingine ya kujua kwamba kidole chake kimefika kuliko mlio ule ninaouzima mimi. Ndiyo maana ninachokidai ni hiari: sauti ya juu, ya chini na kimya, mlio wa vitufe ukitenganishwa na mlio wa kumaliza, na mlio wa kumaliza uwe mnene kidogo ili baba yangu ausikie, kisha ukatike mara mlango unapofunguliwa. Mengi ya mambo haya yanahitaji mistari michache ya programu tu.

Kwa upashaji naipa nyota tano, kwa sauti naipa moja, na kwa jumla tatu. Anayetafuta maikrowevu namshauri apakue mwongozo wa modeli anayoitaka kabla ya kulipa, kwa kuwa watengenezaji wengi huuweka kwenye intaneti, kisha atafute humo maneno kama «sauti», «mlio» na «kimya». Asipoyakuta, adhani kwamba hayamo hata kwenye mashine. Dukani aombe ichomekwe, abonyeze vitufe bila aibu, aweke kikombe cha maji ndani, aendeshe sekunde chache na kuisikiliza inavyomaliza, halafu afungue mlango katikati ya milio aone kama itakatika. Mimi hii ikiharibika nitachukua zile zenye saa ya kuzungusha kwa mkono, ambazo muda ukiisha hugonga kengele mara moja na basi, na kwa bahati bado zinatengenezwa.